Mjomba, nimpate wapi mwenyeji asiyeniuzia kitu?

Shikamoo Mjomba,

Naandika hasira za safari zikiwa hazijanitoka, unisamehe nikipandisha sauti.

Mimi na mume wangu tunapenda kusafiri, lakini mfuko wetu una mipaka. Tukishalipa nauli na malazi, kinachobaki ni cha kula na dharura. Kwa hiyo tunategemea sana vitu vya bure: makumbusho yasiyo na kiingilio, bustani, muziki wa uwanjani, au kutembea tu tukitazama majengo. Najua vipo kila mji. Shida ni kumpata wa kutuelekeza ambaye hana lake moyoni.

Safari iliyopita nilimuuliza kijana wa mapokezi pale hosteli tulipofikia, "Kuna nini cha bure hapa mjini?" Hakufikiri hata kidogo. Alifungua droo, akatoa kikaratasi cha rangi, akakigonga mhuri kwa nyuma, akatuambia kuna matembezi ya bure saa nne asubuhi, tuonyeshe kile kikaratasi. Tulitembezwa kweli, na mwongozaji alikuwa mcheshi. Lakini katikati ya njia tuliingizwa kwenye duka la vito tukawekwa humo muda mrefu, na mwisho tukapangwa nusu duara, kofia ikapita, na yule mcheshi akatutajia kiasi ambacho "watu huwa wanatoa". Mume wangu alitoa, akasema bora hela iende kuliko aibu ile. Jioni nilipopiga hesabu niliona kwamba hela hiyo ingetuingiza makumbusho ya kulipia, tena yale ya maana.

Nikageukia simu. Niliandika jina la mji na neno "bure". Orodha zikaja tele, "vitu kumi na tano vya bure", "ishirini vya bure", lakini kila nikibonyeza naishia kwenye ukurasa wa kukata tiketi. Sehemu moja kilichokuwa bure ni kughairi!

Sasa tunapanga safari nyingine ya miji mitatu, na mmojawapo hatujui hata salamu ya lugha yao. Naomba unisaidie, Mjomba: nimuulize nani ambaye hatanivuta kwake? Na nimuulizeje? Halafu kuna hili la mume wangu. Anasema kuulizauliza vya bure ni kujidhalilisha, kwamba mgeni mwenye heshima hulipa akanyamaza. Kila nikimsogelea mtu kuuliza, yeye husimama pembeni kana kwamba hatujuani.

Mpwa wako msafiri

*

Marahaba mpwa wangu. Poleni kwa kofia hiyo.

Ujanani nilifanya kazi mapokezi hotelini, kwa hiyo ule mhuri ulioutaja kwa kupita mimi nimesimama nao. Hugongwa nyuma ya kikaratasi ili mwenye matembezi ajue mgeni katumwa na nani. Baadaye vikaratasi vinahesabiwa, na hosteli, au kijana mwenyewe, anapata kamisheni yake kwa kila kichwa. Kwingine si mhuri, ni namba iliyoandikwa kwa kalamu pembeni, au alama ya kuskani kwa simu. Kazi ni ileile. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na kijana yule hata hakukudanganya: matembezi yapo na hayana kiingilio. Ila ulimuuliza mtu ambaye jibu moja linamlipa na mengine yote hayamlipi, tena kwa swali pana ambalo jibu hilo moja linaenea ndani yake bila kubanwa.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na ushauri wa "tafuta mwenyeji mwaminifu". Utamjuaje, na una siku mbili tu mjini? Uaminifu hauonekani usoni. Kinachoonekana ni kiti alichokalia mtu. Mtafute yule ambaye mshahara wake haubadiliki, uende kushoto au kulia, ulipe au usilipe. Huyo hata akiwa mkali na hana tabasamu, jibu lake ni salama kuliko la mcheshi mwenye droo.

Kwangu mimi wa kwanza kabisa ni mkutubi. Watu hucheka nikisema hivyo, eti nani aende maktaba akiwa safarini! Lakini fikiri. Maktaba ya umma kwa kawaida huingii kwa tiketi. Ina viti, mara nyingi ina choo na intaneti, na ndani yake kuna mtu ambaye kazi aliyosomea ni kujibu maswali ya wageni asiowajua na kuwaonyesha jibu limeandikwa wapi. Hana cha kukuuzia. Ukimwambia "tuko hapa hadi Jumatano, tunapenda majengo ya zamani na muziki, hatutaki kulipa kiingilio", hatakutajia kile kivutio kikubwa ambacho kila mtu anakijua. Atageuza kioo cha kompyuta yake akuonyeshe ratiba.

Na kabla hujafika kwake, simama kwenye ubao wa matangazo, mara nyingi uko karibu na mlango. Ruka vipeperushi vinavyong'aa vyenye picha za watu wanaocheka. Tafuta karatasi iliyochapwa nyumbani, imebandikwa kwa pini moja, imepinda kona, na chini imekatwakatwa vipande vyenye namba ya simu ili mtu achane kimoja. Hapo ndipo utakuta kwaya inayofanya mazoezi hadharani, wanafunzi wa chuo cha muziki wanaopiga mtihani wao mbele ya watu, kikundi cha wazee wanaotembea kila wiki kandokando ya mto, au mhadhara wa historia ya mtaa. Angalia tarehe, maana ubao hausafishwi kila siku. Ipige picha, kisha muulize mkutubi swali moja tu: mgeni anaruhusiwa?

Baada ya mkutubi nawaamini wafanyakazi wa bustani za umma, madereva wa basi wakiwa wameegesha kituo cha mwisho, na walinzi wa vyumba vya makumbusho. Mlinzi wa makumbusho husimama saa nyingi bila kusemeshwa isipokuwa kuulizwa choo. Msubiri chumba kipungue watu, muulize ni makumbusho gani nyingine mjini haina kiingilio na siku gani haina foleni. Utashangaa anavyojua.

Ofisi ya taarifa kwa watalii, ile yenye herufi ndogo "i", nimeiweka katikati kwa makusudi. Nyingine ni za manispaa kabisa. Nyingine zinaendeshwa kwa ada za wanachama, na wanachama hao ni hoteli, kampuni za matembezi na wenye vivutio vya kulipia, kwa hiyo vipeperushi vilivyo rafuni ni vya waliolipa kuwepo pale. Hata ramani ya bure ya hotelini itazame vizuri: mara nyingi maduka yaliyochorwa makubwa ndiyo yaliyolipia wino. Haimaanishi usiingie ofisini. Ingia, ila usiombe pendekezo. Omba kalenda ya matukio ya mji, na orodha ya siku ambazo makumbusho hayatozi. Orodha haina kamisheni.

Na hata yule kijana wa hosteli usimtupe. Muulize yasiyouzika: njia ipi ina taa usiku, basi gani linapita kando ya bahari, bomba la maji ya kunywa liko wapi. Kwa hayo atakujibu kama ndugu yako.

Kuna pia wenyeji wanaojitolea kutembeza wageni bila malipo, na hawa si wale wa kofia. New York walianza mwaka 1992 kwa mpango uitwao Big Apple Greeter, na mtindo huo ukasambaa hadi ukazaa mtandao wa miji mingi duniani, Global Greeter Network. Unaandika mapema, unasema lini utakuwepo na unapenda nini, unaunganishwa na mkazi wa mji anayeupenda mtaa wake. Yeye halipwi na bakshishi haitarajiwi. Japani wapo wanaoitwa Goodwill Guide. Kule mgeni humlipia mwenyeji wake nauli ya siku hiyo na viingilio wanavyokutana navyo, na hilo unaambiwa mapema, halikurukii mwishoni. Sasa sikiliza: watu hawa wanatoa siku yao ya mapumziko. Ukiandikisha nafasi halafu ukalala, umemwibia mtu. Ukibadili nia, toa taarifa.

Kuhusu yale matembezi ya kofia, nayasemea kidogo kwa sababu si utapeli, ni jina tu lililokaa vibaya. Mwongozaji mara nyingi hana mshahara. Anaishi kwa kinachotoka mifukoni mwenu. Katika kampuni nyingi yeye ndiye anayeilipa kampuni kwa kila kichwa alichotembeza, na ile picha ya pamoja mnayopigwa mwanzoni, mkadhani ni ya ukumbusho, mara nyingi ndiyo ya kuhesabia vichwa. Kwa hiyo ukisikiliza hadi mwisho ukaondoka bila kutoa, pengine yeye ndiye amelipa ili wewe utembee. Kama mnapenda mtindo huo, amueni kiasi chenu kabla ya kuondoka chumbani, kikunjeni, kiwekeni mfuko wa peke yake. Kama hamupendi, msianze. Ila la duka la vito halina utetezi. Mkiingizwa dukani, tokeni mkasubiri nje. Hakuna sheria inayowafunga.

Tuje kwenye simu, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Orodha nyingi za "vya bure" mtandaoni huandikwa na watu wanaolipwa pale unapobonyeza na kununua. Wengi wao hulikiri wenyewe kwa maandishi madogo juu au chini ya ukurasa, kwamba wanaweza kupata kamisheni. Lisome hilo kwanza. Halafu tazama tarehe. Rome, kwa mfano, Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi, ilikuwa haina kiingilio kwa watalii hadi Julai 2023 ilipoanza kutoza, lakini orodha za zamani bado zinazunguka zikiiita ya bure. Na kinyume chake kipo, kibaya zaidi: kuuziwa kisichouzwa. Kanisa la Notre-Dame la Paris, lililofunguliwa upya Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, halina kiingilio, na hata kuweka nafasi mtandaoni ni bure. Anayekuuzia tiketi ya kuingia kanisani humo anauza hewa. Kivuko cha Staten Island huko New York kimekuwa bure tangu 1997, tena hupita mbele ya Sanamu ya Uhuru, na bado kumekuwa na watu karibu na gati wanaowauzia wageni tiketi zake.

Kwa hiyo orodha itumie kupata majina tu. Ukishapata jina la mahali, toka kwenye orodha, nenda kwenye ukurasa wa mwenye mahali penyewe, yaani makumbusho, kanisa au manispaa. Huko soma sehemu ya saa na viingilio hadi mwisho, maana bure nyingi zina masharti yaliyojificha mstari wa chini. Makumbusho ya Vatican hayatozi Jumapili ya mwisho ya mwezi, lakini ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, mlango wa kuingilia hufungwa saa sita na nusu, na foleni yake si ya mtu mwenye magoti mabovu. Makumbusho ya serikali ya Italia yenyewe hufungua bila malipo Jumapili ya kwanza ya mwezi, utaratibu ulioanza 2014. Watu huzichanganya hizo Jumapili mbili kila mara. Kuba la kioo la bunge la Ujerumani, Berlin, halina kiingilio, lakini lazima ujiandikishe mapema kwa jina. British Museum ya London, iliyofunguliwa 1759, haitozi kiingilio cha jumla, ukiacha maonyesho maalumu ndani yake, na hayo ndiyo yenye mabango makubwa nje, kwa hiyo mgeni anaona bango, anaona bei, anageuka. Usigeuke, ingia.

Hukunitajia miji unayokwenda, basi nakuachia tarehe mbili za kuchunguza kabla ya kukata tiketi za ndege. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, iliyoanza 1977, na makumbusho mengi siku hiyo au wikiendi ya jirani hufuta kiingilio. Septemba nchi nyingi za Ulaya hufanya siku zao za urithi, ambapo hata majengo yanayofungwa mwaka mzima, ofisi za serikali, majumba ya watu, mitambo ya zamani, hufunguliwa kwa umma. Wenyeji ndio wengi kwenye foleni hizo. Ukisimama nyuma ya bibi wa mtaa husika kwa dakika ishirini, hutahitaji kumwandikia Mjomba barua.

Kwa mji ambao hamjui lugha, andika swali lako kwenye simu kabla hujamkaribia mtu, kwa sentensi fupi, maana programu za kutafsiri huvurugika zikipewa sentensi ndefu. Lifanye swali la kuchagua: "Leo jioni, twende kwenye bustani hii au hii?" na umwonyeshe ramani. Mtu aone kidole, aguse. Swali la "mnapendekeza nini" linahitaji lugha. Hili linahitaji kidole tu. Na chagua wewe wa kumsogelea. Anayekusogelea mwenyewe mbele ya kivutio, tena kwa Kiingereza kizuri, huyo mara nyingi yuko kazini. Bangkok kuna mchezo wa siku nyingi: mtu mwenye adabu anakuambia Kasri Kuu limefungwa leo, ila anamjua dereva wa kukuzungusha mahekalu mengine kwa bei ya kutupa. Mwisho wa mzunguko ni duka la vito. Nyinyi mlishaliona lenu, kwa hiyo mnaijua harufu. Ukiambiwa mahali pamefungwa, tembea hadi mlangoni ukajionee.

Sasa la mumeo. Mwambie hivi kwa upole: makumbusho yasiyo na kiingilio yameshalipiwa, kwa kodi, kwa wafadhili, au kwa watu waliokufa wakaacha wosia. Aliyelipa alitaka paingiwe. Kuuliza mlango uko wapi si kuomba. Ila ana hoja moja, nami simnyimi. Kuna namna ya kutafuta vya bure inayoudhi. England makanisa makubwa kama Westminster Abbey hutoza watalii, lakini ibada ya jioni yenye kwaya haina malipo. Ukiingia kwenye ibada hiyo, kaa hadi mwisho, simu mfukoni, simama wanaposimama. Anayeingia apige picha mbili atoke katikati ya zaburi amefanya ibada ya watu kuwa tiketi. Hapo hata mimi ningesimama pembeni nikajifanya simjui.

Swali la kuuliza nimekuandikia, libadili upendavyo. Linafaa kwa maktaba, kwa ofisi ya manispaa, na kwa wale wanaojitolea:

"Habari. Sisi ni wawili, mke na mume. Tutakuwa mjini kwenu Jumanne na Jumatano. Tunapenda majengo ya zamani na muziki. Tunatafuta mambo mawili ya kufanya yasiyo na kiingilio na yasiyotulazimu kununua kitu. Je, wageni wanaruhusiwa? Je, kuna cha kuwekea nafasi mapema? Asanteni."

Umeona hakuna "mnapendekeza nini" wala "kizuri zaidi ni kipi". Kuna siku, kuna mapenzi yenu, kuna mpaka wa fedha umesemwa bila haya. Itume wiki mbili tatu kabla ya safari. Kwa wa kujitolea itume mapema zaidi, maana lazima wapange na ratiba zao za kazi. Na itume kwa lugha yao, huku Kiingereza kikifuata chini yake, ili tafsiri ikiteleza wajue ulikusudia nini.

Mjomba